Nimekuja, Sina Neno

Waliookoka wa Ntinda walikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ndiyo iliyomtia Alum taabani. Kila Alhamisi, jua likianza kupoa, walikutana kwenye stoo ya nyuma ya kanisa, pale palipotupwa mabenchi mabovu na ngoma iliyopasuka. Walikaa kwa duara, na kila mtu kwa zamu yake akasimama kueleza Bwana amemtendea nini tangu Alhamisi iliyopita. Mwenye furaha aliisema. Mwenye dhambi aliitoa peupe, hata ikiwa ni ya kumnyima jirani chumvi. Wenyewe waliita hivyo kutembea nuruni. Ukimaliza, wenzako wanakuinulia wimbo wa sifa, wanakushika mkono mmoja mmoja, unaketi umekuwa mwepesi. Kukaa kimya hakukuwepo. Kimya kilikuwa cha wageni.

Ushirika wenyewe ulikuwa wa Kiswahili. Waganda wa mtaa ule walikuwa na wao, kwa Kiganda chao, na Kiswahili walikiona ni lugha ya bunduki na vizuizi vya barabarani. Siwalaumu. Lakini hawa wa Alhamisi walikuwa wake wa polisi waliotoka kaskazini, pamoja na Wakenya waliokuja Kampala kutafuta riziki, kila mmoja na lugha ya kwao, sasa wangesemezana kwa nini? Mzee wa ushirika alikuwa Cleopas Wanjala, seremala wa kutoka upande wa Bungoma, mwenye karakana yake karibu na Nakivubo. Alitengeneza vitanda, meza na majeneza. Alikuwa mtu wa miraba minne, mkarimu, mkweli, na sauti yake ilijaza stoo mpaka darini. Tena alikuwa mtu wa hakika. Swali ambalo Wanjala hakuwa na jibu lake lilikuwa bado halijazaliwa.

Alum alitoka Lira, nchi ya Lango, mke wa Opio, sajini wa polisi. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akisimama kushuhudia, machozi yalitangulia maneno, na wanawake wenzake waliyafuta yao kwa ncha za leso. Walimwita dada mwenye moto. Naye, tusidanganyane, aliupenda moto huo. Alidhani ni mali yake.

Mwezi wa pili wa mwaka wa sabini na saba, siku zile watu wa Acholi na Lango walipokuwa wakichukuliwa na askari wa serikali makambini na makazini, Opio alivaa sare yake, akanywa chai isiyo na sukari, akaenda zamu. Hakurudi. Alum alikwenda kituoni, akaambiwa amehamishwa. Amehamishiwa wapi? Hapakuwa na aliyejua. Alipokwenda mara nyingine, askari mmoja aliyewahi kula mezani kwake alimsogelea, akamwita kwa jina la mwanawe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama Amito, rudi kwa watoto. Usikuje tena hapa." Hapo Alum akaelewa, lakini kuelewa si kukubali.

Akaomba. Aliomba akichota maji, aliomba akikaanga karanga na simsim, ule ufuta wa kusaga, maana hiyo ndiyo biashara iliyowalisha watoto sasa. Aliomba kwa Kiswahili, akachoka, akaomba kwa Kilango. Kisha siku moja alikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa kule Nakivubo, dumu mkononi, akiomba kimoyomoyo kama kawaida yake, akahisi hakuna anayemsikiliza. Hakukasirika. Hakukufuru. Ilikuwa tu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Alibisha tena, akangoja. Foleni ikasogea, akasogea nayo, akanunua mafuta yake, akarudi nyumbani.

Alhamisi hiyo ilipofika zamu yake alisimama, akafungua kinywa, akakuta hamna kitu. Machozi hamna. Wimbo hamna. Wote wakamtazama, wakiungoja ule moto wao. Alum akatazama mikono yake iliyonuka simsim.

"Nimekuja," akasema. "Sina neno."

Akaketi. Hakuna aliyeinua wimbo, maana wimbo ni wa ushuhuda, na huo haukuwa ushuhuda. Benchi likalia kidogo, mtu wa pili akasimama, mambo yakaendelea. Walimwonea huruma. Walisema ni uchungu, utapita.

Alhamisi iliyofuata akasema vilevile. Na iliyofuata. Mvua za masika zikaja, zikaenda, mahindi ya watu yakakomaa kando ya viambaza vya nyumba, na Alum alikuwa bado anakuja kila Alhamisi na maneno yale yale, kama mtu anayeleta chungu kitupu sokoni. Huruma nayo ni kama sukari ya siku zile, haikudumu kabatini. Wakaanza kutazamana.

Wanjala ndiye aliyemwita kando. Walisimama nyuma ya stoo, karibu na tangi la maji.

"Dada Alum, mimi ni ndugu yako, sitakuficha," akasema. "Mto haukauki bure. Kuna mahali umezibwa. Kuna kitu umekificha moyoni, na Bwana anangoja ukitoe."

"Nimetafuta, ndugu. Sijakiona."

"Tafuta tena."

Huyo ni Wanjala. Hakuwa mtu mbaya, na mtakaomchukia mwamchukia bure. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo ilivyomtokea yeye mwenyewe ujanani, alipoungama kwamba aliiba mbao za tajiri wake na moyo ukamfunguka. Kwake yeye ukavu ulikuwa na sababu moja tu, dhambi iliyofichwa, kama vile mlango ukigoma kufunga ujue bawaba imepinda. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye hakuwa amepoteza mtu.

Alum akatafuta. Alijipekua usiku na mchana mpaka akachoka na nafsi yake. Akakumbuka aliwahi kununua sabuni ya magendo, akaisema. Akakumbuka alimwonea wivu mke wa inspekta kwa ajili ya kitambaa, akausema nao. Wakaimba wimbo, wakamshika mkono, na moyo wake ukabaki pale pale ulipokuwa, mkavu. Basi Alhamisi iliyofuata akarudia yake: nimekuja, sina neno.

Hapo Nafuna, mke wa Wanjala, akamhurumia kwa namna yake. Nafuna alikuwa mwanamke mwepesi wa mguu na wa ulimi, mama wa mtoto mmoja tu, Barasa, kijana mkubwa aliyeendesha lori la mizigo kati ya Kampala na mpaka wa Malaba. Alipita kwa Alum kununua simsim, akainama kwenye sinia, akanong'ona.

"Dada, kwani unashindwa nini? Wape kitu. Sema ulienda kwa mganga kumtafuta mume wako. Nani hatakuamini? Nusu ya wanawake wa Ntinda wamekwenda. Utalia kidogo, tutaimba, yataisha. Mume wangu atapumua na wewe utapumua."

"Lakini sikwenda."

"Najua hukwenda. Ndiyo maana nasema, ni kadhambi kadogo, hakana mwenyewe."

Alum alicheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi. Lakini Nafuna alipoondoka, lile neno lilibaki. Alilichambua kama mchele. Ni kweli kwamba angepata amani. Angerudishiwa wimbo wake, mikono yao, nafasi yake kwenye duara, na siku zile mwanamke wa Lango asiye na mume alihitaji mahali pa kuketi miongoni mwa watu. Hakuwa na pengine. Ndugu zake walikuwa Lira, na barabara ya Lira ilikuwa na vizuizi ambavyo watu kama yeye hawakupita mara mbili.

Siku ya Alhamisi akajipanga. Alikwenda njia nzima akijifundisha: nilikwenda kwa mganga, ndugu, nilikwenda na kuku mweupe. Hata kuku alishamtafutia rangi. Zamu yake ilipofika alisimama, na Nafuna kule kwenye kona akaitikia kwa kichwa kumpa moyo. Alum akamwona Wanjala ameegemea mbele, uso umejaa tumaini, akiungoja mlango ufunguke. Akaona kwamba akisema uongo huu watamwimbia, na watakuwa wanamwimbia mwanamke mwingine, aliyekwenda kwa mganga na kuku mweupe. Yeye mwenyewe atakuwa amebaki nje, na hakuna atakayejua yuko nje. Alikuwa amepoteza mume, akapoteza ladha ya maombi. Kitu pekee alichobakiza ni kwamba hajamdanganya Mungu, awepo asiwepo wa kumsikia.

"Nimekuja," akasema. "Sina neno."

Wanjala alifumba macho kitambo. Alipoyafumbua alisema mbele ya wote, bila ukali, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi lingekuja kwa ukali. "Dada, tumekuvumilia. Sasa kaa barazani. Utatusikia kupitia dirishani. Siku utakapovunjika na kuungama, mlango uko wazi."

Alum akatoka. Akaketi barazani, akasikiliza mpaka mwisho, akaenda nyumbani. Alipofika chumbani ndipo aibu ikampata sawasawa. Akajilaza bila kuvua kanga, akasema yamekwisha, hatakwenda tena, Alhamisi na iende zake.

Na kweli, Alhamisi iliyofuata jua lilianza kupoa yeye amekaa mlangoni kwake anapepeta karanga. Jirani yake Nusura akatoka. Walikaa vyumba vya mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Nusura alikuwa mke wa Kamis, konstebo wa kutoka Arua, mmoja wa wale ambao kazi yao na kofia yao vilikuwa bado salama, na tangu Opio achukuliwe Kamis alikuwa akipita mbele ya Alum ameinamisha kichwa. Nusura hakuinamisha. Aliendelea kumletea chumvi kwenye kikombe, na wala hawakuzungumzia jambo lile.

"Mama Amito, leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi."

"Sasa wewe nakaa nini?"

Alum akamweleza. Alimweleza yote, foleni ya mafuta, mganga wa uongo, na baraza. Nusura alisikiliza huku akimfunga mtoto wake mgongoni.

"Mimi naswali mara tano," akasema. "Wewe nafikiri zote moyo iko? Bambi, maskini! Ingine nasujudu, nawaza mchele. Ijumaa napanda msikitini Kibuli na mguu nauma, narudi na mguu nauma, sijasikia kitu. Ijumaa ingine napanda tena."

"Kwa nini unapanda, kama husikii?"

Nusura alimtazama kama anayeulizwa kwa nini watu huoga. "Wakati yake imefika, bwana. Mguu wako najua njia? Peleka mguu. Moyo kama nataka, itakuja nyuma. Kama hataki, basi mguu imefika. Wacha hiyo karanga, mimi nitapepeta. Watoto iko hapa na mimi."

Alum hakupata faraja yoyote katika maneno hayo. Alisikia tu kwamba hana kisingizio. Akanawa, akajitanda, akaenda kuketi barazani.

Basi huo ukawa mwendo wake. Wengine waliingia, yeye akabaki nje, mgongo ukutani, Biblia ya Opio mapajani. Alisoma zaburi yake, akalisema ombi aliloweza kulisema, fupi, kavu, la kawaida. Wakati ambapo zamu yake ingefika alisimama peke yake pale barazani, akasema kwa sauti ya kusikika dirishani, nimekuja, sina neno, akaketi. Nyumbani vilevile: asubuhi alipiga magoti kabla ya kuwasha jiko, jioni kabla ya kulala. Haikuwa na utamu. Kuna watu watakaokuambia kwamba katika hali hiyo mtu huonja kautamu ka siri. Uongo mtupu. Alikuwa anatafuna maganda, na alijua ni maganda.

Mwezi wa tisa redio ikatangaza kwamba madhehebu mengi madogo yamepigwa marufuku. Kanisa lao halikuwemo, lilikuwa miongoni mwa yale makubwa yaliyoachwa, lakini nani angesimama kizuizini kueleza tofauti hiyo? Kukusanyika tu kulitosha. Na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, wenzake wakiwa ndani wanawaombea waliochukuliwa, tena kwa majina, Alum akaona mtu anakuja kwenye kijia. Miwani myeusi, shati la maua, viatu vya soli nene kama tofali. Kila mtu Kampala aliijua sare hiyo isiyo sare ya wapelelezi wa serikali.

Akasimama, akapaza sauti kuliko ilivyohitajika, "Karibu, afande! Karibu barazani!"

Ndani majina yakakatika.

"Hapa iko nini?" mtu yule akauliza.

"Iko maombi, afande. Ya kanisa."

"Nyinyi naombea nani?"

"Wale wa ndani sijui. Mimi nakaa nje."

"Sababu gani nakaa nje?"

"Wamenitoa. Sina neno la kusema."

Akavua miwani, akamtazama vizuri. "Sasa nakuja kufanya nini?"

"Nakuja tu, afande. Kila Alhamisi."

Jamaa akamwona hana akili nzuri. Akaingia ndani, na Alum akasikia Wanjala anamkaribisha, kisha wimbo mmoja mwepesi wa watoto wa shule ya Jumapili, sauti zikitetemeka. Mtu yule alikaa mpaka alipochoka. Alipotoka alikuwa amebeba kiti, kile kizuri cha Wanjala chenye mikono, akaenda nacho begani mpaka barabarani. Hakuna aliyekidai.

Baada ya hapo watu walipungua, bandu bandu mpaka gogo likaisha. Mmoja mtoto anaumwa, mwingine amehamia kwa kaka yake, mwingine hakusema kitu. Wale waliokuwa wakitoa ushuhuda wa kububujika ndio waliotangulia kupotea, na sisemi hivyo kwa kuwasuta. Woga ni woga. Wanjala alikuwa bado anakuja, sauti imepungua kidogo. Kumrudisha Alum ndani hakumrudisha. Alimwambia tu siku moja, akifunga mlango, "Asante kwa kupaza sauti, dada." Yeye akajibu asante. Neno lile la kuvunjika lilibaki katikati yao.

Kisha Barasa akachukuliwa.

Lori lilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara ya Jinja. Utingo wake ndiye aliyeponea, aliruka kwenye mashamba ya miwa, akafika Ntinda siku ya pili miguu imechanika, akaeleza. Walimwuliza Barasa kitambulisho, wakaona ni Mkenya, wakasema ni mpelelezi. Wakamtia kwenye buti la gari. Lori liliachwa pale pale, mlango wazi.

Wanjala alikwenda kila mahali. Alikwenda vituoni, akajibiwa yale ambayo Alum alijibiwa: amehamishwa. Alikwenda mpaka msituni, pale ambapo watu walikuwa wakienda kutafuta maiti za ndugu zao, akarudi na viatu vyenye matope bila kusema alichokiona. Yeye aliyewachongea watu wa Ntinda majeneza hakuwa na wa kumpimia. Karakana akaifunga. Alhamisi ikafika hakuja, naye ndiye mwenye ufunguo.

Alum alifika akakuta kufuli. Walikuwepo wanawake wawili wengine. Walingoja kidogo, wakaondoka. Alum akaketi barazani, mahali pake, maana kwake yeye kufuli halikubadilisha kitu. Akasoma zaburi. Akamwombea Barasa kwa jina, kisha Wanjala na Nafuna, kwa maneno makavu yale yale aliyomwombea Opio. Akasimama, akauambia uwanja mtupu na kuku waliokuwa wakiparua, "Nimekuja. Sina neno." Akaenda nyumbani.

Alhamisi iliyofuata alikuwa peke yake. Na nyingine. Ilimjia kwamba sasa ushirika wa Ntinda ni yeye, mwanamke mmoja aliyetolewa nje, na kwamba asipokuja hakuna atakayejua, wala hakuna kitakachopungua duniani. Wazo hilo lilimuuma. Lakini saa ilipofika mguu ulijua njia.

Alikwenda nyumbani kwao kuwapa pole, bila shaka. Wanjala alikuwa ameketi kwenye kitanda ambacho hakijamalizika, hajanyoa. Watu wa kanisa walikuwa wakimwambia yale wanayosema watu: Bwana ana makusudi, ndugu, jipe moyo. Mmoja, mjinga mwenye nia njema, akamwuliza kama amejichunguza. Wanjala alimtazama tu. Alum aliweka simsim yake jikoni, akamshika Nafuna, wakakaa hivyo. Mgonjwa haulizwi uji, na mfiwa hapewi mahubiri.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Alhamisi ile ilinyesha adhuhuri, ikakatika, na baraza la stoo likabaki na madimbwi. Alum alipangusa mahali pake kwa ncha ya kanga, akaketi. Alikuwa katikati ya zaburi aliposikia nyayo kwenye kijia. Akatafuta kwa macho shati la maua. Haikuwa hivyo. Walikuwa Wanjala na mkewe.

Mtu wa miraba minne alikuwa amebaki fremu. Koti lilimning'inia. Ufunguo alikuwa nao mkononi, Alum aliuona, lakini alipofika mlangoni aliutazama tu, akaurudisha mfukoni. Kisha akageuka, akainama polepole, akaketi chini kwenye saruji yenye maji, mgongo ukutani, upande wa kulia wa Alum. Nafuna akaketi upande wa pili.

"Ndugu, hufungui?" Alum akauliza. "Mabenchi yako ndani."

"Leo hapa hapa," Wanjala akasema.

Nafuna alimwinamia Alum. "Alikuwa hataki kutoka nyumbani," akanong'ona. "Leo ameamka akasema twende, yule wa barazani atakuwepo."

Alum akaendelea na zaburi mahali alipoachia, kwa sauti, akaimaliza. Kwa desturi, baada ya Neno ni zamu, na mzee wa ushirika ndiye huanza. Wanjala alijua. Aliegemea ukuta, akajisukuma akasimama, akasimama pale ambapo Alum alikuwa akisimama siku zote. Midomo yake ikafunguka. Huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake. Wangekuwepo watu mia, angewapa neno wote mia. Akaishika mikono yake, mmoja kwa mwingine.

"Nimekuja," akasema Cleopas Wanjala. Akatafuta kingine cha kuongeza, hakukipata. "Sina neno."

Nafuna akajifunika uso kwa leso.

Kwa desturi, hapo hakuna wimbo. Wimbo ni wa ushuhuda. Alum aliijua sheria hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, maana ilikuwa imemkalia kichwani tangu masika. Alijua ubaridi wa ule ukimya unapoketi na hakuna anayekushika mkono. Basi akasimama kabla Wanjala hajaketi, akaanzisha wimbo wa sifa. Sauti yake ilikuwa mbovu, imeota kutu, ilianzia juu mno ikabidi aishushe. Nafuna akaudaka kwenye kiitikio huku akilia. Wanjala hakuimba. Alisimama tu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na Alum akamshika mkono kama ilivyokuwa ada.

Ndani ya Alum hakikutokea kitu. Ningependa kusema moto ulirudi. Haukurudi. Nyumba iliyohamwa ilikuwa kimya vilevile, na aliimba wimbo mpaka ubeti wa mwisho mbele ya mlango wake, kwa sababu ndugu yake alikuwa amesimama hapo na anahitaji kuimbiwa.

Walipomaliza waliketi tena, watatu kwa mstari, nguo zimelowa kwa chini. Kisha Wanjala akauliza, bila kumtazama, kwa sauti ndogo ambayo Alum hakujua kwamba anayo.

"Dada. Hii huisha lini?"

"Sijui, kaka. Yangu bado."

"Hata leo? Hata sasa hivi ulipoimba?"

"Hata sasa hivi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia atafute dhambi. Hakumwomba msamaha pia, ila alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya Biblia ya Opio, akauacha hapo.

"Sasa wewe unafanyaje?" akauliza.

Alum alikunja kanga yake, akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye ncha yake, mafundo mawili. Jua lilikuwa linazama upande wa mjini, na Nusura alikuwa anamngoja na watoto.

"Nakuja Alhamisi," akasema.